Kabla hujainunua hiyo CNC

Kizota, Dodoma

Fundi mwenzangu, ndugu yangu wa Mwanza,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Sisi wazima, watoto wanasoma, shemeji yako anakusalimu na anauliza sato wako wapi. Barua yako niliipata, na picha za ile mashine nimezitazama zote, nikazikuza kwenye simu mpaka nikaona vumbi kwenye vitufe vyake. Unataka kujua kama uchukue mkopo uinunue hiyo CNC iliyotumika, yaani mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta, au uendelee na lethi zako, zile za kuchongea chuma kinachozunguka huku mkono wa fundi ukiongoza kisu. Jibu langu: usinunue, bado. Najua wewe hukubali jibu lisilo na hesabu, kwa hiyo agiza chai ukae, leo nina mengi.

Huku msimu wa alizeti umeshika kasi. Unajua maana yake. Kuanzia Singida mpaka hapa mjini kila mwenye mashine ya kukamua anataka iungurume mchana na usiku, na kila iliyokuwa na kikohozi mwaka jana inalala chini mwaka huu, siku ambayo magunia yamepangwa hadi mlangoni. Juzi akaja mzee mmoja anayekamua mafuta njia ya Singida, ana shafti yake ndani ya kiroba. Akatamka maneno yale tunayoyasikia kila siku: "Fundi, nichongee kama hii hii."

Nikaipima pale beringi inapokaa. Milimita 39.6 upande mmoja, na ukisogea kidogo inapungua tena, imeliwa kama peremende iliyonyonywa. Sasa wewe niambie, "kama hii hii" ndiyo ipi? Ukimchongea 39.6 umemchongea ugonjwa wake ukiwa mpya na unang'aa. Atalipa, atashukuru, atafunga, na kabla alizeti haijaisha beringi itakuwa inazunguka juu ya shafti badala ya kuzunguka nayo, na jina litakaloharibika siyo la shafti.

Nikamuuliza beringi yenyewe iko wapi. Alikuwa nayo mfukoni, nyeusi kwa grisi. Nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaigeuza kwenye mwanga, ubavuni pameandikwa 6208. Basi, nikapumua. Namba mbili za mwisho, zero nane, mara tano ni arobaini: tundu lake ni milimita 40, nje 80, unene 18, na ndivyo ilivyo hata ikitoka Japani, Sweden au China. Kwa hiyo shafti ilizaliwa 40 na kidogo juu yake. Nilimchongea iwe kati ya 40.002 na 40.018, beringi iingie kwa kubanwa, isiingie kwa kuteleza.

Na hapo kuna kitu vijana wangu hawakiamini mpaka wakione. Mchana wa huku, chuma kikitoka kwenye kisu kina moto wa kutosha kukufanya uvute mkono. Kijana akapima palepale, mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, ikasoma 40.02, akafurahi, akataka kumalizia kwa msasa kidogo tu ifike. Nikamwambia acha, nenda kanywe chai ya saa nne. Chuma huvimba kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Shafti ya 40 ikiwa na moto wa nyuzi 50 juu ya hewa imevimba zaidi ya sehemu mbili kwa mia za milimita. Aliporudi na mdomo wenye mafuta ya sambusa, ilisoma chini kidogo ya 40, na ule msasa wake ungekuwa umetupeleka pabaya zaidi. Tukaijaza kwa kuchomelea, tukairudia, tukaipima ikiwa baridi. Mzee alisubiri nje kwenye benchi bila kulalamika, jambo la nadra, maana wateja wa msimu huu wanakusimamia begani wakikuhesabia dakika.

Nimekueleza hayo yote kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu la swali lako. Kazi yetu, mimi na wewe, ni kuletewa kilichokufa na kuambiwa tukifufue bila cheti cha kuzaliwa. Mchoro hakuna. Kitabu cha mashine kilipotea siku mashine iliposhushwa kwenye lori. Ujuzi wote uko katika kubashiri kipimo cha awali kutoka kwenye mabaki, na kubashiri huko hakufanywi na injini wala kompyuta. CNC ukiipa namba 39.6 itakuchongea 39.6, safi kabisa, mara elfu, bila kuuliza.

Chukua gia. Mteja wa Manyoni alinitumia picha kwa WhatsApp, gia imevunjika meno mawili, pembeni ameweka sarafu ya shilingi mia mbili ili nijue ukubwa. Nilicheka peke yangu. Nikamwambia aje nayo. Meno 24, kipenyo cha nje 77.5. Unagawanya kwa 26, yaani meno jumlisha mawili, unapata 2.98, basi moduli, kile kipimo cha ukubwa wa jino, ni 3 na gia ilipokuwa mpya ilikuwa 78. Hiyo ni rahisi. Lakini wiki hiyohiyo ikaja nyingine ya mashine ya zamani ya Kiingereza, meno 24 vilevile, kipenyo 82.2. Ukigawanya unapata 3.16. Fundi mwenye haraka atasema "karibu na 3.25" atachonga. Akishafunga, gia mpya na gia ya zamani zitatafunana kama wake wenza. Ile ni ya inchi, meno nane kwa kila inchi ya kipenyo, na ilizaliwa 82.55. Hesabu inakuja sawasawa ukijua Mwingereza alikuwa akifikiri kwa inchi. Usipojua, huna pa kuanzia.

Sasa turudi kwenye CNC yako. Mashine hizi siyo uchawi, na siyo mpya kama vijana wanavyodhani. Babu yake alizaliwa Marekani kwa sababu ya helikopta: John Parsons alikuwa akitengeneza mapangaboi yake, akaona umbo kama lile mkono wa fundi hauwezi kulifuata kwa usahihi, Jeshi la Anga likatoa fedha mwaka 1949, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine iliyoongozwa na matundu kwenye utepe wa karatasi. Ilitafutwa kwa ajili ya umbo gumu linalopaswa kurudiwa bila kubadilika. Kurudia ndiyo nguvu yake mpaka leo. Kuiandalia programu kunachukua muda uleule utengeneze kimoja au mia tano, kwa hiyo kwenye mia tano muda huo haumuumizi mtu, na kwenye kimoja unakula faida yote. Wewe mwenyewe hesabu kazi zako za mwezi uliopita. Ngapi zilikuwa za kimoja kimoja? Najua jibu, maana na zangu ni hivyohivyo.

Utaniambia, tafuta kazi za kurudia. Nilizitafuta. Tangu serikali ihamie huku na Mtumba ianze kujengwa, mji huu umekuwa wa mageti. Kila nyumba geti, kila geti bawaba, na bawaba za geti ni kazi ya lethi hasa: unakata chuma cha duara, unachonga, unatoboa, kichwa unakipa umbo la risasi ya bunduki, umemaliza. Nilifikiri hapo ndipo pa kutajirikia. Nenda sasa duka lolote la vifaa vya ujenzi uone bawaba za China zimejaa kwenye maboksi, bei yake kwa jozi haitoshi kununua hata chuma cha kuchongea cha kwangu. Na zile zimetoka kwenye mashine kama hiyo unayotaka kununua, ila yenyewe iko kwenye safu ya wenzake mia, umeme hautikisiki, na chuma kinaingia kwa behewa. Huwezi kushindana naye kwenye uwanja wake, kaka, na mimi sitaki kukudanganya kwa sababu tu mashine ni nzuri kutazama.

Kisichoweza kuja kwenye boksi ni ile shafti ya mzee wa njia ya Singida, leo, kabla jua halijazama. Hapo ndipo China iko mbali na mimi niko karibu.

Kuna jambo la matengenezo pia, sitalirefusha. Lethi yangu ya Kiingereza, Colchester, ikiugua naifungua mwenyewe, naijua kila gia mpaka ile ya meno 127 ninayoiweka nikitaka kukata meno ya skrubu ya milimita kwa mashine iliyozaliwa ya inchi (127 ukigawa kwa 5 unapata 25.4, sijui nani aliyewaza hivyo lakini angekuwa hai ningemnunulia mvinyo wa zabibu za hapa). CNC ikiungua kadi moja ya umeme ndani ya kabati, unamwita nani Mwanza? Na kadi inatoka wapi? Na vumbi je? Wewe una ziwa, mimi nina upepo wa mwezi wa saba, vumbi lile jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, likikutana na mafuta kwenye reli za mashine linakuwa dawa ya kusagia chuma. Kila jioni tunafuta na kufunika kwa turubai, hata kama tumechoka vipi.

Mwezi uliopita nilipita Kongwa nikienda Kibaigwa kupeleka puli za mashine za kusaga, na kila nikipita pale nawakumbuka wale Waingereza wa karanga. Unaujua ule mkasa. Vita vimeisha, kwao hakuna mafuta ya kupikia, mwaka 1947 wakaanza mradi wa kulima karanga Kongwa kwa mashine. Wakaleta matrekta ya mitumba ya jeshi, na mengine yaliyokuwa vifaru vya Sherman kabisa, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta yakaitwa Shervick. Wanahistoria wanaongea kuhusu ukame, na ni kweli. Mimi naangalia kama fundi. Udongo ule ukikauka unakuwa sakafu, na mchanga wake unakula majembe ya plau; mbuyu haung'oki kwa kusukumwa mara moja; matrekta yalikufa kwa makundi na spea hazikuwepo. Walileta mashine za kufyeka nchi kabla ya kuwa na karakana ya kuzifuata nyuma. Mwaka 1951 wakafunga, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Leo watu wa eneo lilelile wanakamua alizeti kwa vimashine vidogo ambavyo tunavifufua kila msimu, na mafuta yanapatikana. Sisemi wewe ni Mwingereza wa karanga. Lakini ulipoandika "nitanunua kwanza, wateja watakuja," nilimwona Shervick.

Kwa hiyo nafanya nini mimi? Nimeanza kuchora.

Nina binti hapa, amemaliza chuo cha ufundi cha VETA, alikuja kwa mafunzo ya vitendo akabaki. Wa kwanza kuja kazini, nywele amezifunga, hana bangili, na hajawahi kunisubiri nimwambie avue glavu mbele ya lethi, tofauti na hawa wavulana ambao kila wiki nawapigia kelele kwamba glavu ikinaswa haitoki peke yake. Wateja wengine wakimkuta wanauliza "fundi yuko wapi?" Anawajibu "nikusaidie nini mzee?" na anaendelea kuchonga. Huyu ana kompyuta ya zamani, na kila kitu kinachopita mezani kwetu anakichora: siyo kilivyoletwa, kilivyotakiwa kuwa. Anaandika namba ya beringi, moduli ya gia, aina ya chuma, na jina la mashine iliyotoka. Pembeni anaandika palipoliwa. Na hilo la mwisho ndilo limenifungua macho. Kwenye skrubu za kukamulia alizeti, zinazoliwa kila mara ni zile za mwishoni, mashudu yanakobanwa, na mchanga uliokuja na mbegu unasugua hapohapo. Za mwanzo zinabaki karibu nzima. Watu wanabadilisha seti nzima kwa sababu duka linauza seti nzima! Sisi sasa tunajaza zile za mwisho tu, kwa vijiti vigumu vya kuchomelea vyenye kromi, kisha tunazisawazisha kwa jiwe, maana kisu hakizigusi.

Na michoro ilipoanza kurundikana ndipo tulipoona kitu. Shafti ile ya 6208 haikuwa ya mzee mmoja. Mashine za aina ile ziko nyingi ukanda huu, zilikuja kwa mkupuo, zinachakaa sehemu ileile. Ukishakuwa na mchoro, huna haja ya kusubiri kiroba mlangoni. Miezi ya mvua, kazi ikiwa chache, unachonga kumi unaziweka kwenye rafu zimepakwa grisi. Mteja akija mwezi wa sita anaondoka nayo kabla hajakaa kwenye benchi. Mpaka sasa tunazichonga kwa Colchester na kwa subira. Zikifika mahali rafu inashindwa kutosheleza watu, hapo nitakuwa na kazi ya kurudia ambayo hakuna boksi la China lililokuja nayo, na mimi mwenyewe nitakuomba namba ya huyo anayeuza CNC. Ndiyo maana nimesema bado, sikusema kamwe.

Wewe uko mahali pazuri kuliko mimi kwa hilo. Una viwanda vya kuchambua pamba, una shafti za maboti, una mashine za barafu za watu wa samaki. Anza na kitu kimoja kinachorudi mlangoni kwako mara nyingi kuliko vingine. Kichore. Nitumie, nami nitakutumia vyetu vya alizeti, maana najua Shinyanga na Simiyu nao wanakamua. Pesa uliyotaka kuweka kama malipo ya awali ya mkopo, nunua mikromita za kweli, zenye kipande cha kipimo cha kuzihakikishia, siyo ile vernia yako iliyoanguka chini mara nyingi kuliko tupa.

Na chuma. Hapa nakuomba ubishi kidogo. Bado unachonga kila kitu kwa ekseli za malori ya zamani? Mimi sizikatai, ni chuma kizuri, lakini ngozi yake ya nje imekomazwa kwa moto ikawa ngumu na ya ndani ni laini, na ukichonga ukaiondoa ile ngozi umebaki na kitu kingine kabisa. Angalau pitisha kwenye jiwe utazame cheche kabla hujamuahidi mtu. Chuma laini kinatoa mistari mirefu myepesi. Chenye kaboni nyingi kinapasuka nyota nyota. Chuma cha kusubu kinatoa cheche fupi nyekundu na kunywea. Binti wangu ameandika hata cheche kwenye daftari. Siku hizi kwa kazi kubwa napanda treni ya SGR nakwenda Gerezani, Dar es Salaam, kuchagua chuma mwenyewe, asubuhi naondoka na usiku niko nyumbani, safari ambayo zamani ilikuwa inakula siku mbili na mgongo. Mzigo mzito unafuata kwa lori.

Nimeambatanisha mchoro wa ile shafti. Utazame, na kama kuna kipimo unaona hakikai sawa, mwandikie binti moja kwa moja, usinipitishie mimi, atafurahi kubishana na mtu wa mbali. Kuhusu kijana wako wa kwanza anayetaka kuacha lethi akasomee programu za CNC, mwache aende, ila akae kwanza na mikromita mwaka mzima. Hao wawili wakikutana siku moja wataanzisha kitu ambacho sisi tutakuwa tunakifagilia sakafu.

Mwisho kabisa, nina shida. Kuna pampu ya maji imeletwa kutoka Mpwapwa, ya zamani, bolti zake zote ni za Whitworth, ule mtindo wa zamani wa Kiingereza, nusu inchi, na matundu yameliwa. Tapu zangu za saizi hiyo, za kukatia meno ndani ya tundu, zimeisha makali. Nitafutie huko kwa watu wa meli, maana hao huwa hawatupi kitu. Iwe meno 12 kwa inchi. Watakupa ya 13 wakuambie ni ileile. Siyo, hiyo ni ya Kimarekani na pembe yake ni nyuzi 60, ya Mwingereza ni 55. Ukiipata mpe dereva wa basi, unipigie namba ya gari, nitaipokea stendi. Hela nakutumia kwa simu ukishanitajia bei, na usianze mambo yako ya kusema "tutahesabiana."

Msalimie shemeji na watoto, na usisahau sato.

Ndimi,
Mzee wa Mikromita